Ua Lisilo na Subira: Alama za Kulitambua Vinamasini

Askari hufunzwa mapema kwamba mtu hatambuliwi kwa nguo aliyoivaa. Nguo huvuliwa, hubadilishwa, na pengine huazimwa. Afisa anayeandika maelezo ya mtu anayetafutwa huuliza kwanza kimo, umbo la uso, kovu, mwendo na kidole kilichokatika. Rangi ya shati huiandika mwisho, tena kwa tahadhari. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iongozayo elimu ya mimea. Rangi ya ua ni shati lake. Anayelitafuta ua kwa rangi peke yake atakamata wasiohusika na kumwachia anayetakiwa.

Katika makala hii tunakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na wa polisi habari za ua moja la asili, ambalo wengi wao wamelipita mara nyingi wakiwa doria katika misitu yenye unyevu, kando ya vijito na ndani ya vinamasi vya nchi yetu ya Uganda. Hatuandiki habari hizi kwa ajili ya kupamba ukurasa. Mimea ipendayo maji ni mashahidi. Hutoa habari kwamba ardhi fulani ni kinamasi hata pale ambapo kiangazi kimeukausha uso wake, na mtu amekwisha kufika na kamba ya kupimia viwanja. Askari asiyeweza kuusoma ushahidi huo ni sawa na mlinzi wa ghala asiyejua idadi ya magunia aliyokabidhiwa.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Wataalamu hulipa ua hili jina la ukoo Impatiens, neno la Kilatini lenye maana ya "lisilo na subira". Jina hilo limo katika kitabu kikubwa cha mimea alichokitoa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1753. Sababu yake ni tabia ya tunda. Tunda likikomaa halingoji kuoza wala kuchumwa. Likiguswa kidogo hupasuka kwa nguvu na kuzirusha mbegu zake mbali na mama yao.

Ukoo huu ni mkubwa. Una aina zaidi ya elfu moja ulimwenguni, na zilizo nyingi zimo katika Asia na Afrika. Bara letu, bila kuvihesabu visiwa, lina aina zaidi ya mia moja, na Madagaska ina nyingine nyingi zisizopatikana penginepo. Amerika ya Kaskazini na Ulaya zina chache tu, na Amerika ya Kusini pamoja na Australia hazina hata moja ya asili. Aina za bara la Afrika zilipangwa vizuri na Mwingereza Christopher Grey-Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1980.

Karibu aina zote hizo zina tabia moja: hazistahimili ukame. Huota kwenye kivuli cha msitu wenye ukungu, kwenye mawe yanayorushiwa maji na maporomoko, kandokando ya vijito, na pale penye udongo mweusi ambapo buti la askari huzama hadi kwenye kifundo. Mwili wao ni maji matupu. Ukilichuma tawi mchana wa jua kali, utaliona limenyauka kabla hujafika kambini.

ALAMA SITA

Sasa na tuzitaje alama zenyewe, moja baada ya moja, kama afisa anavyojaza fomu ya maelezo. Alama moja haitoshi kumtia mtu hatiani. Zikipatana zote, shaka huondoka.

Kwanza, shina. Shina la ua hili ni laini, limejaa maji, na kwa aina nyingi huruhusu mwanga kupita kiasi kwamba waweza karibu kuona ndani. Halina miiba. Mahali majani yanapoota, shina mara nyingi huvimba kama kifundo cha kidole. Likipindwa huvunjika mara moja, wala haliachi nyuzi ngumu.

Pili, jani. Kila jani ni moja zima, halikugawanyika vipande. Lina mshipa mmoja wa katikati unaotoa mishipa midogo kushoto na kulia, na kingo zake zina meno kama ya msumeno mdogo. Aina nyingi za Afrika hutoa jani moja moja kwa zamu, huku na huku. Nyingine hutoa mawili yanayotazamana, na nyingine hutoa mduara wa majani kadhaa mahali pamoja. Mpangilio huo uandikwe, kwa maana ni miongoni mwa mambo yanayotenga aina na aina.

Tatu, pembe. Hapa ndipo penye kovu la usoni. Litazame ua kwa ubavuni, usilitazame kwa mbele. Kwa kawaida utaona kwamba sehemu za nje zilizolifunika ua lilipokuwa changa ni tatu tu. Mbili ni ndogo sana, ziko ubavuni. Ya tatu, iliyo chini, imekua na kupata rangi. Imefanana na mashua ndogo au kikombe, na nyuma yake imechomoza pembe nyembamba kama kipi cha jogoo. Ndani ya pembe hiyo mna mbochi, yaani maji matamu wanayoyafuata wadudu na ndege. Urefu wa pembe na namna ilivyojipinda ni alama kubwa ya kutenga aina.

Nne, majani ya ua yenyewe, yale yenye rangi. Yako matano, lakini mtazamaji wa haraka huhesabu matatu. Moja limesimama peke yake juu kama paa. Yale manne yaliyobaki yameungana mawili mawili, jozi moja kila upande. Kwa hiyo ua hili lina kushoto na kulia zinazolingana, kama uso wa mtu, lakini juu na chini yake havifanani. Ua la duara, lenye majani sawasawa pande zote kama gurudumu, si la ukoo huu, ingawa aina chache zenye uso bapa huweza kumdanganya asiyelichungulia kwa nyuma.

Tano, kofia. Katikati ya ua changa utaona kitu kidogo cheupe au chenye rangi hafifu. Hizo ni sehemu tano za kiume zenye chavua, zilizoungana pamoja na kuifunika sehemu ya kike kama kofia. Baada ya muda kofia hiyo huanguka yote kwa pamoja, na hapo ndipo sehemu ya kike hujitokeza kupokea chavua ya ua jingine. Ua lile lile basi huanza kazi likiwa la kiume na kuimaliza likiwa la kike.

Sita, tunda. Ni kijani, limenenepa katikati, na lina mistari mitano kwa urefu wake. Likikomaa hujaa mkazo wa maji ndani ya ngozi yake. Libane polepole kwa vidole viwili: vipande vitano vitajikunja ghafula, na mbegu zitaruka. Baadhi ya aina huzirusha mbegu hatua kadhaa. Mtihani huu ndio hukumu ya mwisho, na mtu akiisha kuuona mara moja hausahau.

WANAOFANANA NALO

Mahali penye maji hapakosi maua mengine yenye rangi ya waridi, ya zambarau au ya manjano, na baadhi yao yana pembe pia. Lazima tuwatenge.

Okidi za vinamasini nazo zina pembe, lakini majani yake yana mishipa iliyonyooka sambamba kutoka chini hadi ncha, kama majani ya mahindi. Tunda lake hukauka na kutoa mbegu laini mno kama vumbi, wala halirushi kitu.

Utrikularia ni mmea mdogo wa majini wenye ua la pembe, mara nyingi la manjano au zambarau. Huo hauna majani ya kawaida yaliyojipanga kwenye shina la ua. Badala yake una vifuko vidogo sana ndani ya maji au matope, vinavyonasa viumbe wadogo na kuwala.

Disotisi, ambaye rangi yake ya waridi na zambarau huonekana kutoka mbali vinamasini, ndiye awadanganyaye wengi. Lakini ua lake ni la mviringo, halina pembe, na jani lake lina mishipa mikubwa kadhaa inayotoka kwenye kikonyo na kwenda pamoja hadi nchani.

Urujuani wa milimani ni mdogo, hutambaa chini, una pembe fupi, na tunda lake hupasuka vipande vitatu. Hesabu ya tatu dhidi ya tano yatosha kumaliza ubishi.

Tukumbuke pia gugu maji, lenye ua zuri la zambarau hafifu linaloelea ziwani. Huyo si mwenyeji kabisa. Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye aliingia katika maziwa yetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba bandari na njia za wavuvi. Uzuri wa sura si cheti cha uraia.

AINA ZA KWETU

Askari wa kituo cha magharibi, katika misitu ya mpakani na Kongo, anaweza kukutana na Impatiens niamniamensis. Ua lake ni kama mfuko mdogo mnene, jekundu lenye kijani au manjano, na pembe yake imejikunja chini. Maua huning'inia karibu na shina, chini ya fungu la majani. Mgeni wake mkuu ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Naye anapoingiza mdomo kutafuta mbochi, chavua humpaka kichwani.

Katika milima ya Kigezi na Ruwenzori yuko Impatiens burtonii, mwenye ua jeupe au la waridi hafifu lililotiwa doa la manjano. Huota kando ya vijito na penye njia zenye tope msituni. Katika vinamasi na kingo za mito ya nyanda za chini yuko Impatiens irvingii, wa rangi ya waridi inayokaribia zambarau, ambaye ameenea katika sehemu nyingi za Afrika ya joto.

Upande wa mashariki, katika misitu yenye unyevu ya mlima Elgon, yuko mkubwa wao, Impatiens tinctoria. Huweza kumpita mtu kwa kimo. Ua lake ni jeupe lenye wekundu wa zambarau kooni, na pembe yake ni ndefu na nyembamba mno. Jioni hutoa harufu nzuri, kwa sababu wageni wake ni nondo warukao usiku wenye mirija mirefu ya kunyonyea. Chini ya ardhi ana viazi, na katika nchi ya Ethiopia wanawake huvitumia viazi hivyo kupaka rangi viganja na nyayo, kama hina ilivyo pwani. Ndiyo sababu ya jina lake, maana tinctoria ni neno la watia rangi.

Wa mwisho ni yule aonekanaye vyunguni na bustanini, Impatiens walleriana. Huyo ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki upande wa bahari, kutoka Kenya na Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Uso wake ni bapa, na rangi zake ni nyekundu, waridi, nyeupe na ya chungwa. Aina moja, mashati manne! Ikiwa tungali tunahitaji ushahidi kwamba rangi si kitambulisho, huu hapa.

VITAMBULISHO VYA UONGO

Wataalamu nao hukosea, na makosa yao yana mafunzo kwa mtu wa kazi ya upelelezi. Katika misitu yenye unyevu na vinamasi vya mashariki ya Amerika ya Kaskazini kuna ndugu wa ua hili, wa rangi ya chungwa yenye madoadoa mekundu ya kahawia, mwenye pembe iliyojikunja nyuma. Jani lake likitiwa majini hung'aa kama fedha, kwa sababu hewa hujishikilia usoni mwake. Mwaka 1775 Nicolaas Meerburgh, mtunza bustani ya mimea ya Leiden katika Uholanzi, alilitangaza ua hilo kwa jina la Impatiens capensis, yaani "la Rasi", akidhani limetoka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Halikutoka huko. Lakini sheria ya majina ya mimea hulipa nguvu jina lililotangulia, hata kama maana yake ni ya uongo. Na hivyo Mmarekani huyo angali akiitwa mwenyeji wa Afrika kwa muda wa karne mbili na nusu.

Kisa cha pili kinatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1868 Joseph Hooker, mkubwa wa bustani ya Kew huko Uingereza, alilitangaza ua la walleriana, akilipa jina la Horace Waller, mmisionari aliyefika nchi za mto Zambezi. Mwaka 1882 Hooker huyo huyo alipokea mmea kutoka Zanzibar kwa mkono wa balozi John Kirk, akautangaza kuwa ni aina mpya, akaupa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikabainika kwamba mimea miwili hiyo ni mmoja. Mtu mmoja alikuwa amepewa vyeti viwili na ofisi moja. Cheti cha pili kilifutwa, na Sultani akapoteza ua lake.

Kisa cha tatu ni cha jina niamniamensis. Niam-niam lilikuwa jina la dharau ambalo watu wa nje waliwapa Wazande, kabila lenye makao yake Kongo, Sudani ya Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wazande wenyewe hawakujiita hivyo. Ua lao limebaki na jina la matusi lisilolistahili.

Mafunzo ya visa vitatu hivi ni haya: jina lililoandikwa si ushahidi wa asili, na cheti kizuri si badala ya kumtazama mwenyewe. Meerburgh aliyaona maua. Alichokikosa ni habari ya kweli ya mahali yalipotoka. Kwa hiyo askari anapoandika habari za mmea, ataje kwanza mahali na tarehe. Kielelezo kisicho na mahali hakina nguvu mahakamani, na hakina nguvu katika elimu ya mimea.

KUTAMBUA SI KULA

Twawaonya ndugu zetu juu ya jambo moja. Maji mengi yaliyomo ndani ya shina la ua hili yasimshawishi askari mwenye kiu kuyanywa. Mimea ya ukoo huu ina vichembe vya oksalati, vilivyochongoka kama sindano ndogo, ambavyo huweza kuwasha kinywa na koo. Tena viazi vya porini si vya kufanyiwa majaribio.

Ubaya mkubwa zaidi unatoka kwa mmea mwingine upatikanao katika vichaka na kingo za misitu ya nchi yetu, yaani Gloriosa superba. Ua lake ni zuri ajabu: majani sita mekundu yenye kingo za manjano, yaliyopinduka juu kama ndimi za moto. Ncha za majani yake ya kijani hujikunja na kushika matawi ya jirani ili mmea upande. Alama hiyo ya ncha zishikazo ikumbukwe, kwa kuwa chini ya mmea huo kuna kiazi chenye sumu iitwayo kolchisini. Katika Sri Lanka watu wamekufa baada ya kukila wakidhani ni kiazi cha kawaida. Mtu aliyekila hutapika na kuharisha sana baada ya saa chache. Siku zifuatazo sumu huharibu damu na viungo vya ndani, na aliyenusurika huweza kunyonyoka nywele. Mwenye kupatwa na hayo apelekwe hospitali upesi, na kipande cha mmea kipelekwe pamoja naye ili daktari ajue adui ni nani.

SHAHIDI WA MAJI

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa nini askari ajishughulishe na ua?

Uganda ni nchi ya maji. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku ukaushaji mkubwa wa vinamasi. Mwaka 1988 nchi ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi za majimaji, na mwaka 2005 mkutano mkuu wa nchi za mkataba huo ulifanyika Kampala. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba maziwa, mito na vinamasi vimo mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi wote. Hata hivyo, mwaka 1994 vinamasi vilikuwa vimeenea katika zaidi ya asilimia 15 ya nchi, na hesabu zilizofuata katika karne hii zimeshuka chini ya asilimia 10. Mashamba ya mpunga, viwanda, tanuri za matofali na nyumba vimekula sehemu iliyopotea.

Hasara yake haihitaji darubini. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya jiji la Kampala na kuyachuja kabla hayajaingia katika ghuba ya ziwa ambako jiji lilelile huteka maji ya kunywa. Kinamasi kikifukiwa, chujio limekwenda. Samaki nao huzalia katika mafunjo na matete ya kingoni. Tangu mwaka 2017 wanajeshi wetu wamefanya kazi ya kulinda uvuvi ziwani. Kazi hiyo itakuwa ya kumwaga maji katika pakacha ikiwa mahali pa kuzalia samaki pamekauka.

Katika kila mgogoro wa kinamasi swali la kwanza ni moja: mpaka wake uko wapi? Mwenye kutaka kujenga hufika wakati wa kiangazi, hupiga mguu chini, na kusema, "Tazameni, hapa ni pakavu." Sheria haikuishia kwenye siku hiyo ya kiangazi. Inahesabu kuwa kinamasi hata ardhi inayojaa maji kwa msimu, ambapo mimea na wanyama wamezoea maisha ya majimaji. Kwa hiyo mimea yenyewe imo katika ushahidi. Maji yaweza kuondoka kwa miezi miwili. Mafunjo, matete, kangaga na ua letu lisilo na subira hayaondoki upesi hivyo. Pale yalipoota yenyewe kwa wingi, yanasema kwamba maji ndiyo mwenyeji na ukavu ni mgeni.

Tuseme haki, shahidi mmoja hatoshi. Ua hili huota pia kwenye kivuli cha msitu wenye unyevu ambao si kinamasi, na lile la bustanini laweza kuwa limepandwa na mtu. Ndiyo maana tumesisitiza kulitambua kwa aina, na kulisikiliza pamoja na wenzake: mimea mingine ya majini, udongo mweusi wenye harufu ya kuoza, na alama za maji kwenye mashina ya miti. Uamuzi wa mpaka ni wa wataalamu na wa mahakama. Lakini wataalamu hufika baada ya siku nyingi, na mara nyingi tingatinga limekwisha kupita. Polisi wa kituo cha karibu ndiye afikaye kwanza, na alichokiandika yeye ndicho kitakachobaki.

WAJIBU WA ASKARI

Jeshi letu la polisi lina kikosi cha kulinda mazingira, lakini kikosi kimoja hakiwezi kufika kila bonde. Kila askari aliye doria ana macho na daftari. Tunashauri mambo machache yaliyo rahisi.

Akiliona ua hili au mmea mwingine wa majini mahali penye ubishi, asiung'oe, kwa kuwa kuung'oa ni kumwondoa shahidi. Apige picha tatu: moja kwa mbele, moja kwa ubavuni ili pembe ionekane, na moja ya mahali pote pamoja na kitu kisichohama, kama mti mkubwa au daraja. Aandike tarehe, jina la mahali, kimo cha mmea, mpangilio wa majani, rangi, na kama yako maua mengi au machache. Aandike pia udongo ulivyokuwa chini ya buti lake. Palipo na haja ya kielelezo na ruhusa imepatikana, tawi moja likandamizwe katikati ya karatasi za gazeti hadi likauke, kisha lipelekwe kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Makerere, au bustani ya mimea ya Entebbe, ambayo imekuwako tangu mwaka 1898.

Awaulize vilevile wazee wa mahali hapo. Mzee aliyechunga ng'ombe kando ya kinamasi kwa miaka hamsini anajua maji yalifika wapi katika mvua kubwa, na analo jina la kila mmea kwa lugha yake. Jina hilo liandikwe kama alivyolitamka.

Mwisho tungependa kuutaja mkasa uliolipata ua la walleriana ughaibuni. Watu wa Ulaya na Amerika walilipanda kwa mamilioni katika bustani zao. Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu ulilishambulia huko Uingereza, na kufikia mwaka 2012 ulikuwa umeharibu bustani nyingi za Marekani pia. Wakulima wa maua walifanya kazi ya miaka mingi hadi wakapata mbegu zinazouhimili ugonjwa huo, na mojawapo ya mbegu hizo huuzwa kwa jina la Imara, neno ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa. Mataifa yenye fedha yametumia gharama kubwa kuliokoa ua ambalo shina la ukoo wake limo katika misitu ya Afrika ya Mashariki. Sisi tulio na msitu wenyewe na kinamasi chenyewe tumepewa kazi iliyo nyepesi zaidi: kukijua kilichomo, na kutokikubali kiondoke kwa maneno ya mtu aliyekuja na kamba ya kupimia wakati wa kiangazi.